Kuandika kwa Kujitegemea Ukiwa Mji Mdogo: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sikatai, ila mwandishi wa kujitegemea anayeishi mji mdogo hugundua mapema kwamba tuzo ya kwao ni pongezi, na pongezi hazilipi kodi ya nyumba. Anayelipa ni mhariri aliye mbali, ambaye hajawahi kufika kwenu na pengine hawezi hata kukuonyesha mji wenu kwenye ramani. Kazi yako iko hapo katikati: kumuuzia mtu wa mbali kile ambacho wa karibu wanakiona cha kawaida, kisha uweze kuendelea kuishi na hao wa karibu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, au aliyekwisha kuchapisha makala mbili tatu na sasa anajiuliza ya nne itatoka wapi. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, nikiwa katika mji ambao barabara yake kuu unaimaliza kwa miguu kabla hujakumbuka ulichosahau nyumbani. Hatua nimezipanga kama ambavyo ningependa mtu angenipangia mimi. Nyingine ni ndefu kuliko wenzake, kwa sababu huko ndiko wengi wanakojikwaa.

Hatua ya 1: Hesabu mali uliyonayo

Kosa la mwanzo kabisa ni kukimbilia mambo yanayoandikwa na waandishi wa miji mikubwa: siasa za taifa, wanamuziki wenye majina, simu mpya zilizoingia sokoni. Huko unashindana na mtu anayekaa ngazi mbili chini ya ofisi husika, na hutamshinda. Wewe una kitu ambacho yeye hana. Mtu unayemtaka unampata leo jioni bila miadi, na akikosa kumaliza maneno leo, kesho utapita tena.

Chukua daftari uandike vitu 30 vya mji wako. Usiandike mada, andika vitu vinavyoshikika. "Elimu" haimsaidii mtu. "Mwalimu mstaafu ambaye bado ametunza madaftari ya mahudhurio ya miaka yake yote ya kazi" hicho ni kisa, kina mtu ndani yake na kina swali. Ukikwama, jiulize: nani hapa anajua kufanya jambo ambalo hakuna mwingine analijua? Kitu gani kilikuwepo nilipokuwa mtoto na sasa hakipo? Watu wanabishania nini kila mwaka bila kufikia mwafaka? Nani alikuja kwa wiki moja akabaki maisha yake yote? Jina la mtaa huu lilitoka wapi, na kwa nini wazee wawili wanatoa majibu mawili?

Thelathini ni nyingi makusudi. Kumi za mwanzo zitakuja haraka, na nyingi zitakuwa zile ambazo kila mtu anazijua. Ukifika ya kumi na tano utaanza kutafuna kalamu. Hapo ndipo unapolazimika kutoka nje kuuliza, na orodha yenyewe huanzia hapo. Iliyonilipa mimi ilikuwa ya 22: mzee anayetengeneza redio za zamani. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake tangu nikiwa na sare za shule.

Hatua ya 2: Pima kama kisa kinasafiri

Msimulie kisa chako kwa sentensi mbili mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwenu. Akijibu "eh, vizuri", bado hakijaiva. Akiuliza "sasa vipuri anavitoa wapi?", kinasafiri, na hilo swali lake liandike palepale. Mara nyingi ndilo litakalobeba makala nzima. Usiwapime ndugu zako. Ndugu watakuambia kila kitu ni kizuri, au watakuuliza utaajiriwa lini.

Kisa hakisafiri kwa sababu mji wenu ni wa pekee. Kinasafiri kwa sababu ndani ya kitu kidogo mna jambo ambalo hata aliye mbali linamgusa. Mzee wa redio alikuwa na ujuzi ambao hakuna anayeufundisha tena, na bado wateja walikuwa wanamjia. Kila mtu ana kitu nyumbani kwake ambacho aliyejua kukitengeneza amekwisha kufa.

Kuna msaada mwingine ambao wanaoanza huusahau: kalenda. Wahariri wengi hutafuta makala za siku za kimataifa kila mwaka, na wamechoshwa na zile zinazoanza na historia ya siku yenyewe. Siku ya Redio Duniani ni 13 Februari. Nchi wanachama wa UNESCO ziliitangaza mwaka 2011 na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipitisha mwaka 2012. Siku ya Lugha Mama ni 21 Februari, ya Maji 22 Machi, ya Uhuru wa Vyombo vya Habari 3 Mei, ya Kiswahili 7 Julai, ya Walimu 5 Oktoba, ya Chakula 16 Oktoba. Rudi kwenye orodha yako ya 30 uone ni vitu gani vinaangukia siku zipi. Gazeti la kila siku linaweza kutosheka na wiki mbili tatu za kujiandaa, lakini jarida hupangwa miezi kadhaa kabla. Ukituma pendekezo la redio tarehe 10 Februari, umechelewa kwa mwaka mzima.

Hatua ya 3: Andika pendekezo ambalo mhariri atalimaliza

Kabla ya kuandika chochote, soma matoleo manne ya chombo unachotaka kukiandikia. Yasome kama fundi nguo anavyogeuza shati ndani nje. Hesabu maneno ya makala moja. Angalia zinaanza na mtu au na takwimu. Angalia kama wanachapisha waandishi wa nje au majina ni yaleyale ya wafanyakazi wao. Ukikuta yaleyale kila toleo, peleka pengine.

Hili hapa pendekezo langu la redio, nikiwa nimelipunguza kidogo:

"Ndugu Mhariri,

Katika chumba kisichozidi hatua nne kwa tatu, fundi mwenye umri wa miaka 78 bado anatengeneza redio za vali, zile za zamani zenye taa za kioo ndani, kwa vipuri anavyovitoa kwenye redio zilizokufa. Wateja wake wengi si wazee. Ni vijana wanaoleta redio za babu zao.

Ningependa kukuandikia makala ya maneno 1,200 inayojibu swali moja: ujuzi ambao hakuna anayeufundisha tena hurithiwa vipi? Nimekaa naye mara mbili, amekubali kupigwa picha, na nimezungumza na wateja wake wawili. Makala inaweza kukufikia tarehe 10 Januari, kwa ajili ya Siku ya Redio Duniani, 13 Februari.

Naishi mtaa mmoja naye. Nimeambatisha makala zangu mbili."

Angalia yaliyomo. Aya ya kwanza ni ya kuona. Ya pili inataja urefu, swali, kazi iliyokwisha kufanyika na tarehe, yaani kila kitu ambacho mhariri angelazimika kukuandikia tena kukuuliza. Halafu ile sentensi fupi, "naishi mtaa mmoja naye". Hiyo ndiyo mwandishi wa mji mkubwa hawezi kuiandika, na ndiyo sababu ya kukupa kazi wewe badala yake. Watu huificha kwa aibu. Iweke mahali inapoonekana.

Angalia na yasiyokuwemo. Hakuna "mimi ni mwandishi chipukizi naomba nafasi", hakuna kuomba radhi kwa kumchukulia muda, hakuna historia yako tangu shule ya msingi. Mhariri hatoi sadaka, ana kurasa za kujaza.

Usipojibiwa, subiri siku 10 hadi 14 kisha tuma mistari miwili ya kukumbusha. Kukiwa kimya tena, peleka pengine bila kinyongo. Usipeleke pendekezo lilelile kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja bila kuwaambia, kwa kuwa wahariri wanafahamiana kuliko unavyodhani. Weka daftari la mapendekezo: tarehe, uliyempelekea, jibu. La redio lilikataliwa mara tatu. La nne lilijibiwa baada ya saa mbili, na mhariri alitaka kujua kitu kimoja tu: picha zina ukubwa gani.

Hatua ya 4: Mahojiano na watu utakaokutana nao kesho

Hapa ndipo mji mdogo unapotofautiana kabisa na mkubwa, kwa hiyo vumilia urefu.

Jirani yako anapozungumza nawe, anazungumza na jirani. Anakumbuka ulipovunja dirisha lake kwa mpira. Atakuambia mambo ambayo asingemwambia mwandishi yeyote, na hajui kwamba anazungumza na mwandishi. Mzigo wa kumkumbusha ni wako. Mimi hufanya hivi: tukimaliza salamu na habari za nyumbani, natoa daftari, naliweka mezani, nasema, "Mzee, sasa nafungua daftari. Utakayosema kuanzia hapa yanaweza kuandikwa, na wasomaji watakuwa wengi." Tukimaliza nalifunga, nasema nimefunga. Linaonekana jambo la kitoto, lakini limeniokoa mara nyingi. Ambalo hataki liandikwe mkubaliane kabla hajalisema. Akilisema kwanza kisha akaomba usiandike, uamuzi ni wako, na mji mzima utaujua.

Kumficha mtu jina hakumfichi. Ukiandika "mama mmoja mjane anayeuza vitambaa karibu na kituo cha mabasi", msomaji wa mbali hamjui, ila kwenu hakuna asiyemjua. Dawa yake si kubuni maelezo mengine ya uongo. Ondoa kila kisichohitajika, msomee sehemu inayomhusu umuulize kama yuko salama nayo, na kama kisa hakisimami bila kumwanika, kiache.

Majina yaandike mbele ya mwenyewe, herufi kwa herufi, umwonyeshe. Na usidhani unajua kwa sababu wewe ni mwenyeji. Wenyeji tunakosea zaidi, maana hatuulizi. Katika makala yangu ya tatu nilimtaja mtu mmoja kuwa ni marehemu, kwa kuwa sikuwa nimemwona miaka mingi na nilisikia msiba ukitajwa nyumbani kwao. Msiba ulikuwa wa kaka yake. Siku ya pili baada ya makala kutoka tulikutana naye dukani, akaniuliza mbele ya watu kama maiti nazo hununua sabuni. Nilicheka naye, nikaenda nyumbani nikamwandikia mhariri masahihisho, na tangu siku hiyo siandiki "marehemu" bila kuuliza watu wawili.

Kumbukumbu ya mtu nayo ihakiki, hata awe mzee wa kuheshimiwa. Fundi wangu alinieleza kwamba baba yake alinunua redio ya transista mwaka ambao Vita Kuu ya Pili vilimalizika. Ni hadithi tamu, na nilikuwa tayari nimeiandika. Usiku nikaangalia tarehe. Vita viliisha 1945. Transista yenyewe, kile kipande kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya vali, ilitengenezwa mara ya kwanza Desemba 1947, katika maabara za Bell Labs huko Marekani, na redio za transista zilianza kuuzwa madukani mwishoni mwa 1954. Haikuwezekana. Nilirudi kwake asubuhi, sikumwambia amekosea. Nilimwomba anieleze redio ile ilikuwa na uzito gani na iliwashwaje. Akafumba macho. Akasema ilibebwa na watu wawili, ilitumia betri kubwa ya gari, na ukiiwasha unasubiri ipate moto ndipo iseme. Basi ilikuwa ya vali. Mwaka ulikuwa sahihi, aina ya redio ndiyo iliyochanganyika. Lile la kusubiri redio ipate moto ndipo iseme likawa mhimili wa makala. Nisingelipata kama ningemwamini, wala kama ningembishia.

Mengine kwa haraka. Ukirekodi saa moja, jiandae kutumia kama saa nne kuiandika yote, kwa hiyo wakati mtu anazungumza andika pembeni dakika ambazo maneno mazito yalisemwa. Ukimwandika ndugu yako au mtu anayekudai, mwambie mhariri mapema. Na ukiandika jambo baya dhidi ya mtu au ofisi, wapelekee maswali kwa maandishi, uwape muda wa kutosha kujibu, uandike walichojibu hata kama kinakuudhi. Mji mdogo utakusamehe kuandika ukweli mchungu. Ukiandika upande mmoja, hautakusamehe.

Hatua ya 5: Andika kwa fahari bila kupamba

Kila mwandishi anayependa kwao ameandika aya kama hii, nami yangu ninayo kabatini:

"Mji wetu ni hazina iliyojificha, yenye mandhari ya kuvutia na watu wakarimu wanaoishi kwa upendo na mshikamano."

Ifute majina yote, uwape watu kumi wa miji kumi. Kila mmoja atasema ni kwao. Hakuna kitu mle. Sasa linganisha na hii:

"Kabla hajagusa bisibisi, fundi hulaza kiganja juu ya sanduku la redio kama mama anayepima homa ya mtoto. Ikiwa imewashwa dakika kumi na bado ni ya baridi, anajua pa kuanzia: vali haipati moto."

Hakuna neno la sifa hapo, lakini msomaji amekwisha kumheshimu huyu mtu, na kwa njia hiyo ameuheshimu mji uliomlea. Chukua rasimu yako, ukate kila kivumishi cha kusifu: -zuri, -karimu, -a kuvutia, -a kipekee, -a aina yake. Kinachobaki ndicho ulichokiona kweli. Ukikuta karibu hakuna kilichobaki, tatizo haliko kwenye uandishi. Hukukaa na watu vya kutosha.

Dhambi ya pili ni kinyume chake, na ndiyo inayonunuliwa zaidi: kuuonea mji huruma. "Mji uliosahaulika", "kijana aliyeinuka kutoka pasipo na chochote". Wahariri wa mbali huipenda, na wewe ukiwa na njaa utashawishika. Jiulize umesahauliwa na nani. Wanaoishi humo hawajausahau. Nimewahi kutuma makala yenye kichwa cha kawaida ikarudi na neno "uliosahaulika" juu yake kabla ya kuchapwa. Sikulalamika kwa aya tano. Niliandika mistari mitatu: hakuna aliyesema neno hilo katika mahojiano, mhusika angelikataa, na hivi hapa vichwa viwili vingine vyenye urefu uleule. Wakachukua kimoja. Mhariri akipewa mbadala ulio tayari, mara nyingi anaukubali.

Andika ukiwa na wasomaji wawili mezani. Mmoja hajui lolote, kwa hiyo kila jina la mahali lipe maneno machache ya kumwelekeza. Wa pili ni mwenyeji anayesoma akitafuta kosa, na huyo ndiye mkali. Kama umeandika "hatua chache kutoka sokoni", nenda uzihesabu. Maneno ya kazi yachukue kwa wenye kazi. Fundi akisema analehemu, usiandike anaunganisha nyaya. Kisha soma rasimu kwa sauti, pole pole, mlango ukiwa umefungwa. Ulimi ukijikwaa, na jicho la msomaji litajikwaa.

Hatua ya 6: Pesa na haki zako

Kabla ya kuandika neno la kwanza, mambo matano yawe kwenye maandishi, hata kwa barua pepe fupi: urefu, tarehe ya kukabidhi, malipo, malipo yatatoka lini, na wananunua haki gani. La nne watu hulipita. "Tutalipa baada ya kupokea" na "tutalipa baada ya kuchapisha" ni vitu viwili, maana makala inaweza kukaa miezi kabla ya kutoka. Uliza pia watakulipa nini wakiiagiza kisha wasiitumie.

Kuhusu haki, jua msingi wake. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki yaliyoanza mwaka 1886 na kurekebishwa baadaye, unasema kazi hulindwa tangu inapoundwa, bila kuhitaji kusajiliwa, na ulinzi unaendelea angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Nchi nyingi zimeongeza. Habari yenyewe haina mwenyewe, yeyote anaweza kuandika kwamba kuna fundi wa redio, ila namna ulivyoisimulia wewe ni yako. Marekebisho yaliyofanyika Roma mwaka 1928 yakaongeza haki ya mwandishi kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika. Kwa hiyo ukiweza, uza haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, ubaki na nyingine. Kisa kilekile, kikiandikwa upya kwa wasomaji wengine, kinaweza kukulipa mara ya pili. Mkataba ukisema "haki zote", bei nayo iseme hivyo.

Ankara itume siku ileile unayokabidhi kazi: namba yake, jina la makala, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipwa, na pesa zipite wapi. Siku ikipita, kumbusha kesho yake, kwa adabu. Kuna chapisho liliwahi kunizungusha miezi mitano huku mhariri akinijibu kwa upole kila wiki. Kumbe mhariri hakuwa na mamlaka yoyote juu ya malipo. Nilipoomba namba ya mhasibu, nililipwa wiki ile. Kodi za serikali hutofautiana nchi hadi nchi. Nenda ukaulize ofisi inayohusika mapema, na tunza kila ankara.

Na niseme wazi: makala pekee hazitakulisha mwaka wa kwanza. Zinajenga jina. Wengi tunaoishi kwa kalamu hufanya pia uhariri, tafsiri, taarifa za mashirika na maneno ya tovuti. Hakuna aibu hapo. Angalia tu mteja mmoja asishike zaidi ya nusu ya mapato yako, kwa sababu siku atakapoondoka, hatakupigia tarumbeta.

Hatua ya 7: Vifaa

Simu nzuri, daftari, kompyuta hata kuukuu. Andika bila kutegemea mtandao, tuma siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, maana mtandao hukatika siku unayouhitaji. Kila kazi iwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba yako. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, yaani nenosiri pamoja na kithibitisho cha pili. Ukiporwa barua pepe, umewapoteza pia wahariri wako wote. Hayo yanatosha, vifaa havijawahi kumwandikia mtu.

Hatua ya 8: Makala ya kwanza ikitoka

Siku hiyo utapita barabarani ukisimamishwa. Furahi, umeistahili. Kisha fanya mambo mawili kabla furaha haijapoa. Hifadhi ukurasa mzima kama faili na kama picha, kwa kuwa tovuti hufa, nakala zako zikafa nazo. La pili ni kubwa zaidi: ndani ya wiki mbili mpelekee mhariri yuleyule pendekezo jingine. Sasa hivi anakukumbuka. Baada ya miezi minne utakuwa mgeni tena. Wengi niliowaona wakiishia makala moja walikuwa na kipaji, walichokosa ni hiyo barua ya pili.

Halafu maombi yataanza. Hotuba ya harusi, barua ya kuomba kazi, wasifu wa marehemu, malalamiko kwa mwenye nyumba. Yote bure, yote kesho asubuhi. Mimi nilijiwekea kanuni: barua mbili za bure kwa mwezi, nyingine zina bei ndogo inayojulikana na kila mtu. Wasifu wa marehemu sijawahi kuutoza. Usizidharau kazi hizi. Mtu anayekueleza maisha ya mama yake aliyefariki anakupa historia ya mji ambayo haimo katika maktaba yoyote, ila kabla hujaitumia popote omba ruhusa.

Jihadhari na heshima ya ghafla kutoka juu. Utaalikwa kwenye hafla, utawekewa kiti cha mbele, utaitwa "mwandishi wetu", utapewa bahasha ya nauli. Kiti kikalie ukipenda. Bahasha irudishe, maana mwenye kuitoa anaiona kama malipo hata kama hasemi. Akitokea kiongozi anayetaka kusoma makala kabla haijatoka, mkubalie kuhakikisha nukuu zake tu, si zaidi.

Na nakala ya kwanza iliyochapwa mpelekee aliyekupa kisa, kwa mkono, siku hiyohiyo. Nilimpelekea fundi. Alivaa miwani, akaisoma yote akiwa amesimama, akafika mwisho akarudi mwanzo. Nilisubiri maneno ya pongezi. Akanyoosha kidole kwenye picha, si kwenye maandishi, akaniuliza kwa nini nimempiga akiwa ameshika bisibisi ya mtu mwingine. Yake ina mpini wa mti. Hii ya plastiki ni ya binti mmoja anayekuja Jumamosi kujifunza, hakuwahi kunitajia kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Nikafungua daftari, nikaandika namba 31.